Jinsi ya Kujenga Kazi ya Mwongozaji Huru wa Filamu Anayeandika Miswada Yake Mwenyewe

Mwongozaji huru anayejiandikia miswada ana nafasi moja ambayo wenye fedha nyingi humwonea wivu: anaweza kuibadilisha filamu yote wakati bado haijagharimu kitu. Kosa la hadithi likigunduliwa siku ya kupiga picha, kikosi kizima husimama kikisubiri, na kila saa ya kusubiri inalipiwa. Kosa lilelile likigunduliwa mezani, hulipiwa kwa jioni moja ya kufuta na kuandika upya. Ndiyo maana ushauri mwingi uliomo katika mwongozo huu unarudi kwenye karatasi, hata pale tunapozungumzia kamera, mikataba au matamasha ya filamu.

Tunaposema mwongozaji ni huru, tunamaanisha kwamba filamu yake haigharamiwi wala haidhibitiwi na kampuni kubwa za filamu. Uamuzi wa mwisho ni wake, lakini mizigo nayo ni yake: kutafuta fedha, kuomba vibali, kulisha kikosi, kupeleka filamu kwa watazamaji. Anayeingia katika kazi hii akidhani ataandika na kuongoza tu atachoka mapema. Afadhali ajue tangu mwanzo kwamba anaanzisha pia shughuli ndogo ya biashara ambayo bidhaa yake ni hadithi.

Andika kwa kile ulicho nacho

Kabla ya kuandika neno la kwanza la muswada, chukua karatasi uorodheshe ulichonacho. Ni nyumba ipi unayoweza kuitumia kwa siku kumi bila mwenyewe kukasirika? Ni nani miongoni mwa unaowajua anayeweza kuigiza, na ni nani mwenye sura ambayo kamera haitachoka kuitazama? Ni chombo gani, karakana gani, ofisi gani, kipande gani cha barabara? Robert Rodriguez, mwongozaji wa Marekani, alifanya hivyo kabla ya filamu yake ndefu ya kwanza, El Mariachi ya mwaka 1992. Hadithi yake ilijengwa kuzunguka vitu ambavyo tayari angeweza kuvipata, mkiwemo kobe na mkoba wa gitaa, na sehemu ya fedha aliipata kwa kujitolea katika majaribio ya dawa hospitalini. Gharama ya kuipiga picha hutajwa kuwa dola 7,000 hivi. Wengi huishia hapo wanapoisimulia, na hapo ndipo wanapowapotosha vijana, kwa sababu studio iliyoinunua ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kuitengeneza upya sauti na kuiandaa kwa ajili ya majumba ya sinema. Fedha za kupiga picha si fedha za filamu nzima.

Upande wa pili wa orodha hiyo, andika mambo yanayomeza bajeti: umati, maonyesho ya nje usiku (onyesho ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja), magari yanayotembea, wanyama, mvua, silaha, mavazi ya zama zilizopita, nyimbo mashuhuri, na watoto wadogo, ambao katika nchi nyingi sheria huwawekea ukomo wa saa za kazi. Si kwamba yamekatazwa. Kila unapoandika mojawapo, jiulize kama hadithi ingekufa bila hilo. Mara nyingi haifi, na mara nyingine huwa bora.

Chukua mfano. Katika rasimu ya kwanza, mama na mwanawe wanaagana kwa ugomvi kituo cha mabasi, usiku, katikati ya abiria arobaini. Kuipiga picha kunahitaji kibali, taa kubwa, basi, abiria wa kuigiza na usiku mzima. Sasa uhamishie ugomvi huo jikoni saa chache kabla ya safari, na tiketi iwe mezani kati ya vikombe viwili. Muswada ungesomeka hivi:

NDANI. JIKONI. USIKU.

Mama anaichukua tiketi, anaisoma pande zote mbili, anaikunja mara mbili na kuiweka chini ya kikombe cha mwanawe. Anammiminia chai mpaka ukingoni.

Kijana hawezi kuinua kikombe bila kumwaga, na hawezi kuichukua tiketi bila kuinua kikombe. Abiria wote arobaini wameondoka, na bado tunajua kwamba mama huyu hataki mwanawe aende. Bajeti ndogo ikishughulikiwa mapema humlazimisha mwandishi atafute tendo badala ya mandhari, na tendo ndilo sinema inalolijua vizuri kuliko sanaa nyingine.

Mfano huo unaonyesha pia kanuni ya uandishi wenyewe. Muswada huandikwa kwa wakati uliopo, na kila onyesho hutanguliwa na kichwa kinachosema kama tuko ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Baada ya hapo yanaandikwa yale tu yanayoonekana na kusikika. Sentensi kama "amechoshwa na maisha" haipigiki picha. Mwandishi atakayeiacha karatasini atajikuta, akiwa mwongozaji, amesimama mbele ya mwigizaji bila la kumwambia. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio unaokubalika, ambao kwa kawaida hutumia herufi za Courier zenye ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kwa hiyo kurasa 90 ni filamu ya saa moja na nusu hivi, na kurasa 140 kwa mtu anayeanza ni dalili kwamba bado hajajua anachosimulia.

Usiamini rasimu ya kwanza. Iweke kando kwa wiki mbili au tatu, kisha uwakusanye watu watano au sita waisome kwa sauti, kila mmoja na wahusika wake, nawe ukae kimya na kalamu mkononi. Usisome mwenyewe, maana utaziba mashimo kwa sauti yako. Weka alama pale msomaji anapojikwaa, pale wasikilizaji wanapoanza kujigeuza vitini, na pale mtu anapocheka mahali ambapo hukutarajia. Rudia zoezi hilo kwa kila rasimu kubwa. Muswada ulio tayari kupigwa picha huwa umepita rasimu nyingi, na hakuna njia ya mkato niijuayo.

Filamu fupi, kisha riziki

Anza na filamu fupi. Chuo cha Marekani kinachotoa tuzo za Oscar huhesabu kuwa fupi filamu isiyozidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina, lakini wapangaji wa matamasha hupata nafasi kwa urahisi zaidi kwa filamu ya dakika kumi au kumi na tano kuliko ya dakika thelathini na tano. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya kwanza, kisha akageukia sinema kwa kuwa alitaka kuwafikia watu wake wengi wasioweza kusoma vitabu alivyoviandika kwa Kifaransa. Alikwenda Moscow kujifunza, akatoa filamu fupi ya dakika 20 hivi, Borom Sarret, mwaka 1963, na mwaka 1966 akatoa filamu ndefu iliyotokana na hadithi fupi aliyoiandika mwenyewe. Mpangilio huo bado unafaa: hadithi uliyoimiliki, filamu fupi inayothibitisha kwamba unaweza kuimaliza kazi, kisha ndefu.

Filamu fupi haitakulisha, na ndefu ya kwanza huenda nayo isikulishe. Hili lizungumzwe bila kuficha. Satyajit Ray wa India alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo alipoanza kupiga picha filamu yake ya kwanza mwaka 1952. Alipiga siku za mapumziko, akaweka rehani bima yake ya maisha na vito vya mkewe, fedha zikakatika na kazi ikasimama kwa muda mrefu, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal iliposaidia ikakamilika na kuonyeshwa mwaka 1955. John Cassavetes wa Marekani alikuwa akiigiza katika filamu na vipindi vya televisheni vya watu wengine, kisha ujira huo akauingiza katika filamu zake. Christopher Nolan alipiga picha filamu yake ndefu ya kwanza siku za Jumamosi kwa takriban mwaka mmoja pamoja na marafiki waliokuwa na ajira zao. Waliifanyia mazoezi kama mchezo wa jukwaani ili kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatizwa, ipatikane kwa kupigwa mara moja au mbili, maana filamu ghafi, yaani utepe wa kurekodia picha, ilikuwa ghali.

Somo ninalolichukua kwao ni kutafuta ajira inayokuachia nguvu na saa za kuandika, na ikiwezekana iwe jirani na sinema. Kwa maoni yangu hakuna kazi bora kwa mwandishi na mwongozaji kuliko uhariri wa filamu. Anayehariri kazi za wengine huona kila siku maneno yanayokatwa kwa kuwa uso ulishayasema, maonyesho yanayoanza mapema mno, na shoti ambayo hakuna aliyekumbuka kuipiga. Baada ya mwaka mmoja wa kuona hayo, miswada yake huwa mifupi na mikavu zaidi. Kazi ya sauti, upigaji picha za matangazo na ualimu nazo ni nzuri. Kuhusu kuweka rehani nyumba ya familia, simshauri mtu, hata kama mkongwe fulani alifanya hivyo akafaulu. Wale walioshindwa hawaandikwi vitabuni.

Fedha na karatasi za haki

Fedha za filamu huru hutoka vyanzo vingi vinavyounganishwa: akiba, michango ya watu wengi kupitia intaneti, mifuko ya serikali, ruzuku za matamasha, na watayarishaji wenza wa nchi nyingine. Tamasha la Rotterdam lina Mfuko wa Hubert Bals tangu mwaka 1988, na la Berlin lina Mfuko wa Sinema ya Dunia tangu 2004. Yote miwili iliundwa kusaidia waongozaji kutoka maeneo ambako fedha za sinema ni haba. Maombi ya mifuko ya namna hiyo hufanana: muhtasari wa sentensi moja, muhtasari wa ukurasa mmoja, maelezo ya mwongozaji kuhusu sababu ya kuifanya filamu hiyo, muswada, bajeti, mpango wa fedha na mfano wa kazi zilizotangulia. Maelezo ya mwongozaji ndiyo yanayoharibiwa mara nyingi. Waombaji huandika maneno makubwa kuhusu jamii na ubinadamu, ilhali msomaji anataka kujua ni picha gani iliyokufanya usilale, na utaipiga vipi.

Katika bajeti, tenga fedha za kazi ya baada ya upigaji picha kabla ya kukodi kamera, na uweke asilimia 10 hivi kwa ajili ya dharura. Kamera si tatizo kubwa tena. Sean Baker alipiga Tangerine, iliyotoka mwaka 2015, kwa simu za iPhone 5s zilizofungwa lenzi za ziada. Watazamaji huvumilia picha yenye chembechembe. Sauti isiyosikika hawaivumilii hata kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wasanii wengi hulikwepa kwa aibu au kwa mapenzi, nalo ni mikataba. Filamu ya Night of the Living Dead ya George Romero ilitoka mwaka 1968. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kusambazwa, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani halikuwekwa kwenye nakala mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Kila aliyetaka aliweza kuiuza, na waliotoka jasho hawakupata walichostahili. Leo, katika nchi zilizomo katika Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki hutokea yenyewe mara kazi inapoandikwa au kurekodiwa, lakini ushahidi wa nani aliandika nini bado ni jukumu lako. Sajili muswada palipo na utaratibu huo, na uhifadhi rasimu zote pamoja na tarehe zake.

Kabla kamera haijawashwa, kila mtu awe ametia saini. Mwandishi mwenza aseme kwa maandishi anamiliki kiasi gani, mwigizaji aruhusu sura na sauti yake kutumika, mwenye nyumba akubali mahali pake paonekane, mtunzi wa muziki aeleze ametoa haki zipi, kwa muda gani na kwa nchi zipi. Hata wewe mwenyewe unapaswa kuihamishia kampuni yako haki ya muswada wako. Msambazaji atakapoitaka filamu ataomba mnyororo huu wote wa karatasi, na kiungo kimoja kikikosekana mauzo yanaweza kukwama. Rafiki wa utotoni anayeigiza bure ndiye wa kwanza kupewa mkataba, kwa sababu urafiki ndio unaohitaji kulindwa. Agnès Varda alianzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1954 ili kuitengeneza filamu yake ya kwanza, waigizaji na mafundi wakishiriki kama wanaushirika, na kampuni hiyo ndiyo iliyoendelea kuzitunza na kuzisambaza kazi zake kwa miongo iliyofuata.

Siku za kupiga picha

Maonyesho hayapigwi kwa mfuatano wa hadithi. Hupangwa kwa mahali, kwa waigizaji na kwa mwanga, ili kila eneo litembelewe mara moja. Filamu ya bajeti ndogo hulazimika kupiga kurasa nne au tano kwa siku, hivyo muswada wa kurasa 90 utakula siku 18 hadi 23. Ukijaribu kuubana katika siku kumi, hutaongoza tena, utakuwa unakimbiza saa. Ratiba ya kesho imfikie kila mtu jioni kabla ya kuondoka, ikitaja saa ya kufika, anwani, maonyesho yatakayopigwa na namba ya simu ya hospitali iliyo karibu.

Katika filamu yangu fupi ya kwanza tulirudi nyumbani na onyesho la dakika nne ambalo waigizaji walilicheza vizuri kuliko tulivyotarajia, na chini ya kila neno lao palikuwa na mngurumo wa jokofu. Hakuna aliyeusikia siku ile. Masikio huzoea, maikrofoni haizoei. Tangu hapo, tukiingia katika nyumba ya mtu, mtaalamu wa sauti huzima jokofu, kisha dereva huweka funguo za gari ndani yake, ili asiweze kuondoka kabla ya kulifungua na kukumbuka kuliwasha. Baada ya kila onyesho sote husimama kimya kwa sekunde 30 hadi 60 tukirekodi ukimya wa chumba, kwa kuwa kila chumba kina ukimya wake na mhariri atauhitaji kuunganishia vipande.

Kwa waigizaji, toa matendo, usitoe hisia. "Huzunika zaidi" humfanya mtu akunje uso. "Mzuie asiione tiketi" humpa kazi, na huzuni itakuja yenyewe. Hapa ndipo mwandishi aliye ndani ya mwongozaji anapojaribiwa: mwigizaji akishindwa mara tatu kuitamka sentensi, huenda kosa ni la sentensi. Ibadilishe palepale, au iondoe uone kama onyesho linasimama. Anayeng'ang'ania maneno yake kwa kuwa ni yake anaikosesha filamu kile ambacho waigizaji pekee wangeweza kuiletea.

Jioni, kazi ya siku inakiliwe mara tatu, na nakala moja ilale mahali pengine. Kadi ya kamera isifutwe mpaka mtu amefungua faili na kuzitazama.

Uhariri, matamasha na usambazaji

Mkusanyiko wa kwanza wa uhariri karibu kila mara ni mrefu na huvunja moyo. Usihukumu filamu kwa huo. Uhariri ni rasimu ya mwisho ya muswada, na humo maonyesho uliyoyapenda sana yataondoka. Ionyeshe kwa watu wasiokujua, na usiwaulize kama imewapendeza. Waulize ni wapi walipotea, na ni lini waliijua siri ya mhusika.

Tamasha huchaguliwa kwa mpango, maana onyesho la kwanza duniani hutolewa mara moja tu. Matamasha makubwa kama Berlin mwezi Februari, Cannes mwezi Mei na Venice mwishoni mwa Agosti hudai uzinduzi wa namna hiyo au unaokaribiana nao kwa filamu zao za mashindano, na FESPACO, tamasha la sinema ya Afrika la Ouagadougou nchini Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969, hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ukiizindua filamu katika tamasha dogo la kwanza lililokujibu, umefunga milango mingine bila kujua. Tengeneza orodha ya matamasha kumi na tano, utazame ni filamu za namna gani yalizichukua miaka mitatu iliyopita, na uombe mapema, kwa kuwa ada za maombi hupanda kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia.

Wakala wa mauzo, yaani anayewauzia wasambazaji haki za filamu kwa niaba yako, akijitokeza, soma mambo manne kabla ya mengine yote: muda wa mkataba, nchi zinazohusika, asilimia yake, na ukomo wa gharama anazoweza kukata kabla hujalipwa. Mkataba usio na ukomo wa gharama unaweza kuifanya filamu iliyouzwa nchi kumi isikuletee chochote. Haki zinagawanyika, hivyo unaweza kumpa huyu televisheni za eneo moja na ukabaki na majumba ya sinema na maonyesho ya shuleni. Andaa pia mkondo wa sauti wenye muziki na milio bila mazungumzo. Bila huo filamu haiwezi kuingizwa lugha nyingine, na kuutengeneza baadaye ni ghali.

Usiku wa onyesho lako la kwanza tamashani, watayarishaji watakupongeza, kisha watauliza unaandika nini sasa. Swali hilo huulizwa mara chache maishani na mtu mwenye uwezo wa kulijibu kwa fedha. Wakati filamu ikiwa bado kwenye uhariri, rudi mezani asubuhi moja kila wiki uanze muswada unaofuata, ili usiku huo uwe na kurasa za kumtumia aliyekuuliza kabla hajaondoka mjini.